Alama za Chumba cha Kufulia

Nyumba za Watumishi, nyuma ya hospitali,
Mlango wa tatu.
Jumapili, tarehe 14, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana nakujua. Wewe ukifungua barua unarukia katikati kutafuta habari, kama ulivyokuwa ukimaliza nyama kwanza halafu unamwachia mtu mwingine mboga. Rudi huku juu usome taratibu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na hao watoto wako wawili ninaowajua kwa picha tu, hawajambo? Yule mdogo meno yameota? Na kile kikohozi chako cha wakati wa baridi, umekwenda kukitazamisha au bado unakitisha kwa chai ya tangawizi?

Sisi huku wazima. Mama anaendelea vizuri. Goti linamsumbua asubuhi tu, na likishapata joto anazunguka nyumba nzima kukagua vumbi. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano, lakini vumbi analiona. Juzi amenigombeza kwa sababu ya pazia, mimi mwenye miaka hii, na nikalifua.

Barua yako niliipata Jumatano. Mwenzako aliyekuja likizo aliileta mpaka kazini, nikampa mkono wenye povu, naye akaupokea bila kukunja uso. Mwambie ametoka kwa watu. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, na hili ninalotaka kukwambia ni refu, tena sehemu yake moja hainipi sifa.

Umeniandikia kwamba ofisi yenu imekupa zawadi ya mwaka, na ulipoitazama uliona inazidi mshahara wangu wa miezi kumi na miwili. Unasema usingizi umekuruka. Unaniuliza kama umeistahili, wewe unayekaa kwenye kiti cha kuzunguka, huku dada yako anainama juu ya mapipa ya mashuka ya wagonjwa. Halafu, kabla sijavuta hata pumzi ya kujibu, ukakata shauri mwenyewe: niache kazi, nawe utanitumia kila mwezi kile ninachopata na cha juu yake. Una moyo mzuri, mdogo wangu, lakini una haraka.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Simwonei mtu kijicho kwa sababu anakaa. Nakumbuka ile likizo uliyokuja na kompyuta yako, ukashinda siku tatu ukitafuta kosa moja tu ndani ya programu. Huli, husemi, ukiulizwa hili unajibu lile. Mama alitaka kukupeleka kwa daktari. Siku ya nne ukalipata ukiwa bafuni, tukakusikia unacheka peke yako. Uchovu ule niliuona kwa macho yangu, na sitaki mtu aniambie haukuwa kazi. Malipo yangekuwa yanapimwa kwa jasho, mpishi wa hospitali yetu angekuwa tajiri wakati wa joto na fukara wakati wa baridi.

Ila swali lako limenikuta mahali pabaya, kwa sababu sisi wenyewe tumetoka kupimwa.

Mwaka huu uongozi wa hospitali uliamua kupanga mishahara upya. Wakaletwa wataalamu kutoka nje, na kazi yao ilikuwa kupita kila idara, kuanzia chumba cha upasuaji mpaka bustanini, na kuipa kila kazi alama. Kuna alama za elimu, za ujuzi, za uzito wa kazi, za hatari, na za uchafu wa mahali. Zikijumlishwa unapata daraja lako, na daraja ndilo mshahara. Nilipoelezwa nilifurahi sana. Nilijiambia kwamba hatimaye amepatikana mtu wa kutuuliza.

Wewe hujaingia kwetu hata siku moja, kwa hiyo nikueleze palivyo. Chumba cha kufulia kina milango miwili. Mlango mchafu uko nyuma, karibu na tanuru la taka, na huko ndiko wodi zinaleta nguo kwa matoroli. Mlango msafi uko mbele, unatazama korido, na huko ndiko nguo hutoka zimepigwa pasi na kukunjwa. Kilichoingia kwa mlango mchafu hakitoki kwa mlango huo. Hiyo ni sheria iliyobandikwa ukutani. Nyingine haikubandikwa popote, ila wote tunaijua: mgeni huingia kwa mlango msafi.

Tuko wanawake wanane. Mimi ndiye msimamizi, na nikigeuka wananiita Jemadari, wakidhani sisikii. Mkubwa wetu kwa umri ni Mama Pasi, aliyeanza kazi pale wewe ukiwa bado unatambaa. Huyo akishika shuka kwa vidole viwili anakwambia linaweza kuvumilia moto kiasi gani, na doa akilitazama tu anajua ni la dawa, la chakula au la mtu. Alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu.

Wataalamu walitupa taarifa wiki moja kabla, na hapo ndipo nilipoharibu.

Niliwaamrisha wenzangu waje alfajiri. Tukafua kila kilicholetwa usiku mpaka pipa la mwisho likakauka. Tukasugua sakafu, tukafuta mashine mpaka ukaweza kujitazama uso, tukavaa zile aproni mpya ambazo hutolewa kabatini wakija wakubwa. Niliziomba wodi zisituletee kitu chochote mpaka saa nne. Kwa hiyo wataalamu walipoingia saa tatu, kwa mlango msafi, walikuta chumba kinanukia pasi, mashuka meupe yamepangwa karibu yaguse dari, na wanawake wanane tumesimama tumeshikana mikono kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Aliyeuliza maswali alikuwa bibie mmoja mdogo wa umri, mwenye adabu, na fomu zake amezibana kwenye kibao. Akaniuliza kama kazi ni nzito. Nikasema tumezoea. Akaniuliza kama kuna hatari. Mimi nikavimba kifua, nikamwambia kwamba kwa miaka tisa ya usimamizi wangu hakuna mtu wangu aliyechomwa na sindano iliyosahauliwa ndani ya nguo. Sikumwambia kwamba ni kwa sababu tunalifungua kila shuka kwa ncha za vidole, polepole, kana kwamba nyoka amelala ndani. Akaandika: hatari, ndogo. Kisha akamgeukia Mama Pasi, akamuuliza kazi hii inahitaji ujuzi gani.

"Ah, mwanangu," akasema Mama Pasi, "hii hata mtoto anaiweza."

Naye akaandika hivyo hivyo. Sisi tukacheka, maana tulimwelewa. Alikuwa anajishusha tu, kama mwanamke anayesifiwa chakula chake akajibu kwamba hakutia kitu humo. Kwenye ile fomu hakukuwa na nafasi ya kuandika kwamba mama huyu ana adabu.

Siku hiyohiyo fundi umeme wetu, ambaye siku nyingine ukimtafuta unahitaji tochi, alifungua vifuniko vya swichi zote za korido, akapanda ngazi, akabana waya mdomoni, na lile jasho sijui alilitoa wapi. Wataalamu walipita chini yake wameinama. Nilimcheka mno. Niliwaambia wenzangu kwamba huyu hana aibu, anawaonyesha wageni matumbo ya ukuta.

Baada ya mwezi matokeo yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Fundi umeme alikuwa amepanda madaraja mawili. Dereva wa mkurugenzi, ambaye nusu ya siku amelaza kiti nyuma na kofia usoni, alituacha mbali, ingawa nisimsingizie, kungoja nako kunachosha. Hata mtu wa bustani alitupita. Chumba cha kufulia kilikuwa mstari wa mwisho kabisa. Uchafu wa mahali, sifuri. Ujuzi, sifuri. Nilisoma mara tatu, nikadhani nimepotea mstari.

Mishahara yetu haikupunguzwa, ila ilisimama hapo ilipo, na kwa anayestaafu kiinua mgongo kingehesabiwa kwa daraja jipya. Maana yake ni Mama Pasi. Yeye ana vyumba viwili alivyovijenga kidogo kidogo, vimefika usawa wa paa vikakwama, na miaka minne sasa anakaa chumba cha nyuma kwa dada yake akingoja kiinua mgongo akamalizie. Siku ile alisoma ubao, akatikisa kichwa, akarudi kwenye pasi yake. Hakunilaumu. Hakuna hata mmoja aliyenilaumu, wote waliendelea kufua kana kwamba walioandikwa pale ni watu wengine. Ningefurahi wangenitukana.

Nilimsimulia mama nikiwa namchua goti. Akaniuliza yeye aliyelea watoto sita peke yake yuko daraja la ngapi. Nikamwambia wataalamu hawajafika jikoni kwake. Akasema siku wakija wavue viatu.

Kwa hiyo mimi swali lako nilianza kulitafuna kabla hujaniuliza. Nilimfikiria daktari wetu mpasuaji. Analipwa vizuri, na sioni kosa. Amesoma miaka mingi, na mkono wake ukiteleza mtu anakufa palepale, mbele ya watu, na anajulikana nani aliyeteleza. Mkono wangu nao ukiteleza mtu anaweza kufa, ila atakufa wiki mbili baadaye, kwa kidonda kilichooza, na hakuna atakayenifuata kuniuliza nilitia dawa kiasi gani kwenye maji. Mimi na yeye tukifanya kazi vizuri, yake inaonekana kwa mtu anayeamka, na yangu inaonekana kwa jambo lisilotokea. Sasa jambo lisilotokea utalipaje? Sisemi nina jibu. Nakwambia tu nilivyokuwa nikiwaza huku mikono iko ndani ya maji.

Kulikuwa na siku kumi na nne za kukata rufaa. Niliandika barua mwenyewe, nikaifuta mara nyingi kuliko ninavyoifuta hii. Sikutia chumvi. Niliomba jambo moja tu: kamati ije tena, ije siku yoyote bila kutuarifu, na ipite mlango mchafu.

Wenzangu walichukia. Mama Pasi ndiye aliyesema kwa niaba yao.

"Wageni tuwapitishe kule nyuma? Watatuonaje?"

"Kwanza watuone," nikamjibu, kwa sauti ya Jemadari.

Nikapiga marufuku mtu yeyote kuwahi kazini, na nikapiga marufuku kusugua chochote zaidi ya kawaida. Ungewaona, mdogo wangu. Wiki nzima walikuwa wanatazama sakafu kwa uchungu, na mmoja nilimfumania akiifuta mashine kwa upindo wa gauni lake.

Sasa nikueleze jambo ambalo hata mkurugenzi halijui. Mtoto akifia wodi ya wazazi, wauguzi hulifunga shuka lake peke yake, na badala ya fundo moja hupiga mafundo mawili. Hakuna aliyeagiza iwe hivyo. Sisi tulikuta ndivyo. Furushi la mafundo mawili halimwagwi mezani pamoja na mengine. Huwekwa kando, na aliyekuwa akilifungua ni mtu mmoja tu, Mama Pasi, akiwa ametugeuzia mgongo. Alilifua kwanza kwa mikono, kwenye beseni lake, ndipo liende kwenye mashine pamoja na yale ya watu waliopona. Wakati huo hatupigi soga wala hatufungui redio. Ni kama dakika kumi hivi, halafu kazi inaendelea, na hakuna anayelitaja.

Kamati ilikuja Jumanne asubuhi. Walikuwa watatu: afisa utumishi, yule bibie wa fomu, na mwakilishi wa wafanyakazi. Na asubuhi hiyo furushi la mafundo mawili lilikuwepo, kwenye benchi la pembeni.

Walipita mlango mchafu. Afisa utumishi alitoa kitambaa akakishikilia puani tangu kizingitini. Tukafungua mafurushi mbele yao kwa ule mwendo wetu wa polepole, na tukatoa, kama siku zote, mkasi mmoja, glavu zenye damu, sindano mbili na jino la bandia. Bibie alikuwa akiandika. Lakini niliona haandiki kwa moyo. Afisa utumishi, kupitia kitambaa, akauliza: "Kufua kwenyewe si kunafanywa na mashine?" Bibie akaitikia kwa kichwa. Akageuza ukurasa, akatazama saa yake, nikaona paa la Mama Pasi linaondoka na ukurasa huo. Kisha macho yake yakatua kwenye benchi.

"Na lile mbona mmeliweka kando?"

Mama Pasi akanitazama. Alichokuwa akiniambia kwa macho nilikielewa neno kwa neno. Ningeweza kujibu kwamba hilo ni la wodi nyingine, na yangeishia hapo. Badala yake nikapiga moyo konde, nikaenda, nikafungua fundo la kwanza, nikafungua la pili, nikalitandaza shuka mezani mbele yao, na nikawaeleza ni la nani.

Sitakuandikia kilichokuwemo. Wewe ni baba.

Afisa utumishi alitoka nje. Yule mwakilishi alivua kofia, akawa hajui pa kuiweka. Bibie alibaki amesimama, kalamu hewani. Mama Pasi akaja, hakunisukuma, alinisogeza tu kwa bega, akalikusanya shuka pembe kwa pembe kama anayeinua kitu kilicholala, akalipeleka kwenye beseni lake. Akafungua bomba. Kilichosikika chumba kizima ni maji.

"Mama," bibie akauliza kwa sauti ya chini, "hili mnalifanyaje?"

Mama Pasi hakugeuka. "Maji ya baridi, mwanangu. Ukitia ya moto damu inashika, haitoki tena."

Bibie akaandika. Aliandika ukurasa mzima, akageuza, akaandika mwingine, na machozi yakimdondoka kwenye fomu za hospitali.

Tulipanda madaraja matatu. Ujuzi, alama za juu. Uchafu, za juu. Kulikuwa hata na kisanduku cha mzigo wa moyo, ambacho mara ya kwanza sikukiona, nacho tulipewa alama zote. Siku matokeo yalipobandikwa wenzangu walicheza palepale koridoni, na mmoja wetu tunayemwita Kimya, maana kwa siku hutoa maneno mawili, aliimba. Walinikumbatia. Mama Pasi alinipa mkono, akasema asante, akarudi kupiga pasi.

Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mnasimama mmoja huku na mwingine kule, mnavuta, mnatembea mpaka mnakutana, mnapeana pembe. Kwa miaka tisa aliyekuwa akisimama upande wangu wa pili ni Mama Pasi. Tangu Jumanne ile akawa anamwita Kimya. Hakunifanyia kisirani, salamu zangu aliitikia zote, na chai tulikunywa meza moja. Ila pembe za shuka hakunipa tena.

Hebu tazama, mdogo wangu. Kabla ya rufaa tulifua mashuka yale yale, kwa mikono ile ile, na baada ya rufaa hivyo hivyo. Hatujaongeza hata foronya moja. Miaka thelathini ya Mama Pasi ilipewa sifuri kwa sababu tulikuwa wasafi, na madaraja matatu yakaja kwa sababu nilifungua mafundo mawili kwa muda usiozidi kuhesabu ishirini. Kilicholipwa ni ule muda wangu mfupi. Na katika yote niliyowahi kuyafanya mle ndani, hilo ndilo peke yake ninalolionea haya.

Kwa hiyo ukiniuliza kama zawadi yako umeistahili, unamuuliza mtu ambaye naye kapandishwa na hajui. Ipokee. Ulilala na kuamka na makosa ya programu za watu, si wizi. Usiirudishe wala usiifiche, na wala usinigawie mimi ili upate usingizi, maana mimi si dawa ya usingizi. Lakini nikuulize nami. Huyo anayemwaga takataka za chini ya meza yako, unamjua? Huwa anakuja saa ngapi, na wewe humpisha au humwinulia miguu tu? Anza na huyo kabla ya kunikomboa mimi.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya Mama Pasi. Tulimnunulia saa ya ukutani kwa ajili ya nyumba mpya. Akamshukuru kila mmoja wetu kwa zamu yake, akavua aproni, akaipiga pasi ndipo akairudisha. Wenzangu walipokwenda kunywa chai alikuja kwenye meza yangu na karatasi yake ya kiinua mgongo, akanionyesha.

"Umenisaidia," akasema. "Paa litaisha."

Mimi nikashindwa kujikaza. Nilimwomba msamaha, na nilimwomba vibaya, nikichanganya maneno, nikimweleza kwamba nilifanya kwa ajili yake, jambo ambalo ni kweli, na kwamba kosa la mwanzo lilikuwa langu, ambalo nalo ni kweli. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Aliikunja ile karatasi mara nne, akiupitisha ukucha kwenye kila mkunjo, kisha akaniuliza, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Na yule mama wa lile shuka, yeye amepata nini?"

Alingoja kidogo, kwa adabu zake, halafu akaniaga akaondoka.

Kuacha kazi, mdogo wangu, siwezi. Jana limekuja furushi la mafundo mawili. Likawekwa kwenye benchi, redio ikazimwa, na wenzangu wote sita wakanitazama mimi. Nimenunua beseni langu mwenyewe. Nilililegeza fundo la kwanza, nikalilegeza la pili, nikiwa nimewageuzia mgongo, na nikafungua maji ya baridi.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kile kitambaa alichonitumia bado sijakishona kwa sababu mjomba fundi cherehani alinipima na sasa anasema amepoteza vipimo, na mimi sikubali kupimwa tena mwaka huu. Mjomba mwenyewe anakusalimu. Dada zako wote wanakusalimu, na yule wa mwisho anasema unamdai simu na yeye anakudai barua. Mama anakubusu wewe na wanao, na ameniagiza nikuandikie kwamba ukija uje na muda, si mizigo.

Mungu akulinde huko uliko, wewe na nyumba yako. Akupe riziki ya kutosha, na akupe nafasi ya kuilalia usiku bila kujiuliza maswali.

Wako akupendaye, hata akikugombeza,

Dada yako.